Programu Tatu, na Moja Ilikuwa ya Baba

Sisi wa enzi za kompyuta yenye chogo, sogeeni karibu, maana nimechoka kuchekwa. Juzi kijana mmoja hapa ofisini, ameajiriwa majuzi tu na simu haimtoki mkononi, aliniuliza kompyuta ya kwetu utotoni ilikuwa na uwezo gani. Nikamjibu kweli tupu: ilifungua programu tatu kwa wakati mmoja, basi. Ukitaka ya nne, funga moja kwanza. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Dada, tatu? Sasa mlikuwa mnafanya nini?" Tulikuwa tunaishi, mdogo wangu. Tulikula, tukasoma, tukakua. Cheka, meno ni yako, lakini haya sioni wala sitaona.

Nakumbuka siku ilipoingia kwetu Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Baba alikuwa amefariki, homa ilimkamata akiwa mnadani, na hatukukaa naye sana hospitalini. Alituacha watatu na Mama: dada yangu Zuhura, mimi wa katikati, na Hamisi kitinda mimba. Mama alikuwa amesomea uhazili kabla hajaolewa, akipiga taipureta huku anaongea na wewe, macho yake kwako, vidole vinakwenda vyenyewe. Alipotoka eda akauza mbuzi wake, aliopewa na Baba mwenyewe akiwa hai, akapanda gari kwenda mjini kutafuta kompyuta.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Kaka yake Baba, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa, alikuwa ameshaamua kwamba tuhamie kwake, kijijini huko Chemba. Nyumba ya Ihumwa ipangishwe, sisi tukakae chini ya ulinzi wake, mambo yaishe. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Kwa akili yake mjane na watoto hawaachwi peke yao. Aliposikia habari za mbuzi alikuja juu. "Mtu anauza mbuzi kununua televisheni isiyoonyesha hata taarifa ya habari!" Mama akamwomba ampe mpaka mavuno yajayo. Mashine ikitulisha, tunabaki. Isipotulisha, atafungasha virago bila kubishana. Baba Mkubwa akakubali kwa shingo upande.

Basi tukajua wote, hata Hamisi aliyekuwa bado anakojoa kitandani, kwamba ile kompyuta ikishindwa, nyumba yetu imekwenda.

Na yenyewe ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Yule Mhindi mwenye duka alikuwa mtu mwaminifu, alimweleza Mama kila kitu kabla hajaifunga kwenye boksi. Programu tatu tu. Picha ya nyuma ya kioo haibadilishwi, itabaki ile bluu iliyokuja nayo. Mtumiaji ni mmoja, hakuna kila mtu na mlango wake. Kuiunganisha na kompyuta nyingine, usahau. "Mama, hili ni toleo la wanaoanza," alimwambia. Mama akajibu, "Basi tumepatana. Na mimi ndiyo naanza."

Jamani, ile mashine ilivyolelewa! Iliwekwa chumba cha mbele, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa utadhani bibi harusi. Mnaujua upepo wetu wa Dodoma wa miezi ile ya kiangazi, vumbi linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ulikuwa huingii chumba kile hujanawa miguu. Watoto wa jirani walikuja wakiwa wametoka kucheza rede, wanapanga foleni kwenye karai, wananawa, wanaingia kimyakimya kama wanaingia msikitini, wanakaa mkekani kutazama kioo kinavyowaka. Hakuna aliyegusa. Kutazama tu kulitosha. Treni ikipita huko relini, kioo kinatetemeka kidogo, na sisi tunashikana mikono tukidhani ndiyo inazimika moja kwa moja.

Kilichomuudhi Mama ni ile bluu. Alikuwa na picha moja ya Baba, ya Idi, amevaa kanzu, amekunja uso kwa ajili ya upepo lakini anacheka. Yule wa dukani alikuwa amemwingizia ndani ya kompyuta. Mama alitaka hiyo iwe ndiyo sura ya mashine, ukiwasha tu unaonana na mwenye nyumba. Akajaribu. Ikakataa. Akajaribu kesho yake, ikakataa. Zuhura akamwambia, "Mama, si tuliambiwa haibadilishwi?" Mama akamjibu, "Kuambiwa tumeambiwa. Kukubali ni shauri langu."

Akaipatia njia. Aliifungua picha kwenye programu ya picha, akaipunguza, akaiweka pembeni ya kioo na kuiacha hapo hapo. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: ukiwasha kompyuta, kitu cha kwanza unamfungua Baba, unamwamkia, ndipo unafanya mengine. "Shikamoo Baba." Zuhura anaamkia, mimi naamkia, Hamisi anaamkia kwa kelele kwa sababu alidhani Baba yuko mbali. Halafu zinabaki programu mbili za kufanyia kazi. Moja ya kuandikia, nyingine kikokotoo. Sisi tukitaka kucheza karata za kwenye kompyuta, lazima kikokotoo kifungwe, na Mama akikihitaji tunafunga karata bila kununa, hata kama ulikuwa umebakiza kidogo ushinde. Nilishawahi kulia, nakumbuka, nikasema Baba yeye mbona hafungwi. Mama hakunipiga. Alisema, "Huyu hafungwi. Fungeni vya kwenu."

Huo ndio uchumi tuliokulia. Kabla hujafungua kingine, maliza ulicho nacho. Leo namwangalia huyu kijana wa ofisini, kafungua madirisha mpaka hajui muziki unatokea wapi, barua niliyomwomba asubuhi haijafika hata nusu, halafu anasema mashine nzito. Mashine nzito! Kichwa ndicho kizito, mwanangu.

Kazi ilianza kuja taratibu. Kadi za harusi, matangazo ya vikao vya mtaa, mitihani ya shule ambayo mwalimu mkuu aliileta kwa mwandiko wa kukimbizwa na mbwa. Mama alichapa kwa siku nzima, mgongo ukimuuma anajiegemeza ukutani, anamtazama yule wa pembeni ya kioo, anarudi. Sisi tulimletea chai ya rangi na ubuyu. Mchana ugali wa uwele na mlenda, unakula mbali na mashine, unanawa, unakausha mikono, ndipo unarudi chumba cha mbele. Hatukuwa matajiri. Lakini sare za shule tulikuwa nazo, na Zuhura hakurudishwa nyumbani hata siku moja.

Mavuno yakafika, na Baba Mkubwa naye akafika. Hakuja peke yake. Alikuja na mwanawe Shabani, aliyekuwa anasomea mambo ya kompyuta chuoni, ili mtaalamu akague na shauri likatwe. Tukawaamkia, tukawapokea mizigo. Baba Mkubwa alikuwa amekuja hata na kamba za kufungia mizigo yetu. Niliziona zinachungulia kwenye mfuko wake.

Mama akawatengea chai, akasema hana neno, waingie waone. Wakanawa miguu kama watu wengine wote. Baba Mkubwa alikuwa hajawahi kuingia chumba kile tangu mashine ije. Alibaki amesimama nyuma ya kiti, miwani mfukoni, na Shabani akakaa mbele ya kioo. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa tangu asubuhi, Mama akichapa mtihani.

Shabani alijua kazi yake, sitamdharau. "Tazama, baba," alisema. "Hii ya kuandikia, imefunguka. Kikokotoo, kimefunguka. Sasa nafungua nyingine hapa... unaona? Imekataa. Inasema funga moja kwanza. Hii ni ya mazoezi, baba. Tatu tu! Na hapo tatu yenyewe moja inaliwa na picha. Ngoja niifunge hii picha nikuonyeshe vizuri."

Akausogeza mshale pembeni. Baba Mkubwa alikuwa anahangaika na miwani. Akaivaa, akainama, na ndipo akaona.

Lazima niwaambie kwamba kule Chemba hapakuwa na picha hata moja ya Baba. Watu hawakupigwa picha ovyo zamani. Baba Mkubwa alikuwa hajauona uso wa mdogo wake tangu walipoufunika.

"Wee Shabani! Toa mkono!"

Shabani alishtuka, mausi ikamdondoka. "Baba, si naifunga tu kidogo..."

"Unamfunga nani? Unamjua huyo? Huyo ni baba yako mdogo!"

Baba Mkubwa akavuta kiti, akakaa, akavua kofia na kuishika magotini. Machozi yalimtoka mzee wa watu hadharani, akayaacha yatiririke. Zuhura akaanza kulia, mimi nikafuata, na Hamisi akalia kwa sababu sisi tunalia.

Baada ya muda akajifuta. Alikuwa mzee wa biashara, akili haikumpotea. Akasema kwa upole, "Mama Zuhura, nimemwona. Allah amrehemu. Lakini shauri letu si liko pale pale? Mashine hii inabebeka. Tuibebe, twende naye nyumbani."

Nikajua tumekwisha. Mama alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, najua, maana wiki nzima nilimsikia akiyasema jikoni peke yake: kwamba mashine imetulisha, kwamba Zuhura anasoma, kwamba ahadi ni ahadi. Hakusema hata moja kati ya hayo. Alimtazama shemeji yake usoni, sauti haikupanda wala haikushuka.

"Inabebeka, shemeji. Lakini kwako hakuna umeme. Atakaa gizani."

Baba Mkubwa akaitazama tena ile sura iliyokunja uso kwa upepo. Kisha akamgeukia Shabani, akamwambia, "Nenda katoe zile kamba kwenye mfuko, mpe mama wa jirani akaanikie nguo. Hapa hakuna mzigo."

Walilala kwetu, na asubuhi wakati wa kuondoka alirudi chumba cha mbele peke yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua kompyuta, nimeshamwamkia Baba. Baba Mkubwa akasimama mbele ya kioo, akanyoosha kanzu yake, na kwa sauti ile ile aliyotuitikia sisi watoto akasema, "Marahaba, mdogo wangu." Yeye ndiye mkubwa. Aliamini ameamkiwa. Akaenda zake kupanda gari la Chemba, na habari ya kuhama haikurudi tena mdomoni mwake mpaka alipozikwa.

Tulibaki. Zuhura akamaliza shule akawa nesi, mimi nikaingia ofisini, Hamisi ana duka lake la steshenari na anawapigia wateja kelele vile vile. Mama bado yupo Ihumwa, nyumba ni ile ile, ila treni siku hizi ni ya umeme na inapita bila kutetemesha kitu. Ile kompyuta ilikufa kifo cha kawaida, siku moja ikagoma kuwaka. Hata ilipokuwa hai hatukuipeleka kwa fundi wa mjini atuwekee toleo kubwa, ingawa alitushawishi miaka yote ile. Mama alimwambia, "Mimi hiyo nne naitaka ya nini?"

Kwa hiyo msinicheke. Mnayo mashine inayofungua kila kitu, inayobadilisha picha ya nyuma kila saa bila kuombwa, kila mtoto ana mlango wake na neno lake la siri, na ndani ya nyumba moja hamjui mwenzenu analia nini. Wanangu wana picha zangu zisizohesabika kwenye simu zao: nikila, nikicheka, nikisinzia kwenye kochi mdomo wazi. Wakishapiga wanaangalia mara moja, wanasukuma kwa kidole, nimepita. Sijaona hata mmoja akinirudia. Sisi tulikuwa na nafasi tatu, na Mama aliitoa moja kwa marehemu, kila siku iendayo kwa Mungu, huku nyumba yake inagombewa.

Ijumaa iliyopita niliwakalisha wanangu sebuleni, simu nikawanyang'anya zote kwanza. Nikawaambia, siku yangu ikifika, msihangaike kutafuta picha niliyopendeza. Chukueni yoyote, hata hiyo ya mdomo wazi. Ila mkishaifungua, muiache wazi.