Mume Wangu Anaombea Chakula Mara Mbili

Admin, naomba unifichie jina na uondoe chochote cha kunitambulisha, maana Waafrika wa Sydney tunajuana hadi rangi za magari. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, Mkenya, nafanya kazi ya kutunza wazee huku Westmead. Nina mume Mkongo na binti wa miaka minane. Najua wengine mtakimbilia kuuliza kwa Mkongo nilienda kutafuta nini. Huyu mwanamume ananipenda na mimi nampenda, hilo lisiwe mjadala.

Kazi ya mume wangu ni kucheza raga ya kulipwa, ile raga ya ligi ambayo watu wa huku wanaichukulia kama dini. Yeye ni forward, mmoja wa yale majitu ya mbele. Anapewa mpira, anakimbia kwa nguvu zake zote kuwaingia watu watatu wanaomsubiri, anaangushwa, anaamka, anarudia. Wapinzani wakiwa na mpira, ni zamu yake kuwaangusha. Alifika nchi hii akiwa kijana kutoka kambi ya wakimbizi, Kiingereza hana, na mchezo huo ndio uliomfanya aonekane mtu. Akiingia kanisani baada ya ushindi, akina mama hupiga vigelegele hadi mchungaji inabidi angoje.

Shida yangu ilianzia mezani. Kwetu ni yeye anayeombea chakula, hajawahi kumwachia mtu mwingine hata akiwa na mgeni. Jioni moja aliomba, tukaitikia amina, tukaanza kula. Sahani hazijafika nusu, akaacha kula akanitazama kwa mshangao.

"Mama ya batoto, mbona tunakula bila kuomba?"

Binti yetu akaangua kicheko. "Dad, you already prayed!"

Na yeye akacheka, eti alikuwa anatupima tu. Nikacheka pia, lakini sikudanganyika. Ninashinda na wazee waliopotewa na kumbukumbu, na kicheko cha kufunika aibu ninakijua. Baada ya siku chache akaomba tena mara mbili, halafu tena. Siku hizi akirudia, mtoto hacheki. Anafumba macho na kusema amina ya pili.

Nilijaribu kumgusia mama mkwe kwamba mwanawe anasahau sana. Alinijibu kuwa amechoka, nimpikie vizuri, niache kumtamkia magonjwa. Nilimeza hasira kwa sababu ni mama yake.

Basi Jumapili moja tukitoka kanisani, mtoto akiwa amebaki na wenzake, mume wangu aliegesha gari karibu na kituo cha treni cha Quakers Hill. Nikamuuliza waziwazi, daktari wa timu haoni? Akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipovunjika taya.

Niwaeleze kidogo. Kabla ya msimu, wachezaji hupimwa kumbukumbu. Wanatajiwa maneno, wanaulizwa wayarudie, na matokeo yanahifadhiwa. Mtu akigongwa kichwa uwanjani anapimwa tena, na alama zikishuka haruhusiwi kurudi. Sasa baadhi ya wakongwe wana ujanja wao: ule mtihani wa kwanza wanaufeli makusudi, ili hata wakigongwa tofauti isionekane. Mume wangu ameucheza mchezo huo kwa miaka.

"Mwaka huu sikujifanya," akaniambia. "Niliogopa, nikajibu na akili yangu yote. Docteur akaangalia computer, akasema, all good, mate, same as last year."

Jamani, mmelielewa hilo? Yaani alijibu kwa uwezo wake wote, akapata alama za mtu anayejifanya hajui kitu.

Nikamwambia kesho twende hospitali. Akakataa katakata. Mkataba wake unaisha mwaka huu na klabu imeanza kuzungumza naye kuhusu mwingine.

"Ukisema, hawatanisign tena. Nitakuwa nani mimi? Ukisema umenizika niko mzima."

Akatoa Biblia ya marehemu baba yake, ile anayotembea nayo garini, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa. Nilimwonea huruma, na nilidhani nikimpa muda atakwenda mwenyewe.

Tangu hapo nimekonda. Kila akiinamisha kichwa na kuingia kwenye lile kundi la watu, mimi nafumba macho. Najua mficha maradhi kifo humuumbua, hamna haja ya kunikumbusha. Nilishafika mahali pa kusema nimeapa, basi, ni mtu mzima na kichwa ni chake.

Sasa Jumapili iliyopita tumetoka tena kanisani, sisi wawili tu. Akaegesha gari palepale. Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mama ya batoto, kuna kitu sijakuambiaka hata siku moja."

Akaanza. Mwaka huu sikujifanya. Niliogopa. Docteur akaangalia computer. Maneno ni yaleyale, na alipofika pale pa kuzikwa akiwa mzima alilia vilevile. Nilikaa nikimtazama, nikishindwa kumwambia kwamba alishaniambia. Akachukua Biblia ya baba yake, akaniapisha. Nikaweka mkono, nikaapa upya.

Ndugu zangu, nikimwendea daktari wa timu, mume wangu atasema nimemuua, na huenda asinisamehe maisha yake yote. Nikinyamaza, sijui mwakani nitakuwa nimelala na nani kitandani. Nishaurini, nifanye nini? Wa kunitukana anitukane, lakini jibuni kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi anacheza.