Uzito Umeenda Wapi

Juzi nilikwenda mjini, Chilinde, kununua unga wa duka langu la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikakuta wapakiaji wa ghala wamesimama kumtazama mwenzao. Alikuwa amevaa fremu ya springi mgongoni, yenye mikanda ya mabegani na mapajani. Muuzaji wa fremu hiyo, Mtanzania mwenye viatu vinavyong'aa, alisema inamsaidia mtu kuinama na kuinuka bila kuumia mgongo.

Aliyeivaa ni baba mmoja Mkongo wa Fizi ninayesali naye kambini. Aliinua magunia kumi, moja baada ya jingine, kisha akafungua mikanda polepole.

"Mugongo imepumuzika, ni kweli," alisema. "Lakini uzito haikupotea. Huku njo imekuja." Akagusa mapaja, pale mikanda ilipombana. "Mama yangu alikuwa anabeba mihogo na kamba ya kichwa. Kila akifika kwenye mulima anasogeza kamba, ili isikate pahali pamoja. Hii nayo tuivae kwa zamu, mutu asishinde nayo."

Muuzaji akaandika. Mwenye ghala, Mrundi, yeye alikuwa na lake: "Sasa kila mutu atabeba magunia mbili kwa mara moja?"

Baba akamkabidhi mwenye ghala fremu kwa mikono miwili. "Patron, kama mugongo imepumuzika, tuiache ipumuzike."

Karatasi ya maelezo aliyotugawia muuzaji nimeisoma mbele na nyuma. Inaeleza vizuri springi, mikanda, hata namna ya kuifua. Habari ya kwamba mgongo una mwenyewe, hiyo tumeipata kwa yule baba.