Kijiko cha Pili

Kila asubuhi, kwenye mlango wa nyumba ya kulelea watoto huko Kabiria, Joyline huwagusa watoto kwenye paji la uso mmoja mmoja kabla ya kuwapokea. Mwenye joto hurudi na mamake. Naliaka alilijua hilo, na ndiyo maana saa kumi alfajiri, mwanawe Simiyu alipoamka akiwa moto, alimpa kijiko cha dawa ya homa. Saa kumi na mbili paji lilikuwa bado halijapoa. Akampa cha pili. Walipofika mlangoni mtoto alikuwa amepoa, na Joyline akampokea bila swali.

Ilikuwa wiki ya kufunguliwa kwa shule. Katika duka la vitambaa la Mabruka, katikati ya jiji, foleni ya wazazi waliotaka vitambaa vya sare ilifika barabarani. Wakataji walikuwa wawili tu, Naliaka na Musili, na simu zao zilikaa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya meza ya Mabruka mpaka saa ya chakula. Sheria hiyo ilikuja baada ya mkataji mmoja kuharibu jora zima akiongea na simu.

Saa tatu na nusu, Naliaka alikuwa akikunjua kitambaa cha kijani alipoukumbuka mfuko wa Simiyu aliouacha kwa Joyline. Ndani yake mlikuwa na chupa nyingine ya dawa ileile, na maagizo aliyoyaandika mwenyewe siku ya kwanza: akishikwa na joto, mpe kijiko kimoja.

Akahesabu saa. Joto lingerudi wakati wowote, na Joyline angempa kijiko cha tatu bila kujua. Akajiambia labda mtoto amelala. Akajiambia pia, na hili lilimtia aibu, kwamba akipiga simu itabidi aseme, na akisema, nafasi ya Simiyu atapewa mwingine. Makasi yakaendelea.

Musili alikiinua kipande alichokikata Naliaka. "Mama Simiyu, hii suruali ni ya nani, kuku?"

Mteja alicheka. Mabruka akaja na kukipima: mita moja badala ya mbili.

"Binti yangu, una nini leo? Hujawahi kukata hivi tangu nikujue."

"Samahani, Mama. Naomba simu, dakika moja tu."

"Na watu hawa wote?"

"Ni mtoto. Nilimpa dawa mara mbili ndio wamkubali. Hawajui."

Mabruka aliinama akaufungua mkebe. "Mpigie. Papa hapa."

Simu iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili Joyline akaishika, na nyuma yake watoto walikuwa wakilia.

"Nimekutafuta sana. Amechemka. Nimemvua nguo, na dawa yake ndio hii nafungua."

"Usimpe."

"Aje?"

"Ticha, usimpe. Nilimpa saa kumi, na saa kumi na mbili tena."

"Kwa hivyo ulimleta akiwa mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemlaza na wenzake kumi na wawili." Naliaka akayaweka makasi chini. "Nafunga chupa. Kuja umpeleke kliniki. Kama nitamchukua tena, sijui. Kuja kwanza."

Naliaka alipogeuka, Musili alikuwa ameshauvuta utepe wa kupimia upande wake na kumwita mteja aliyefuata.

"Nenda," Mabruka alisema. "Lakini kesho nitamhitaji mtu hapo, Naliaka; usipokuja, nitamweka mwingine. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

Kwenye kliniki, Simiyu alimlalia begani, pumzi zake fupi zikimchoma shingo. Muuguzi aliuliza kama mtoto amekunywa dawa yoyote leo. Wamama waliokuwa kwenye benchi walinyamaza kusikiliza. Naliaka akazitaja saa zote mbili.

"Kijiko gani? Kile kinachokuja na chupa?"

"Cha chai. Vilijaa."

Muuguzi aliandika bila kuinua macho. "Tutamwangalia hapa mpaka jioni. Na kesho umrudishe nimwone tena."

Naliaka alifungua mdomo amwambie kuhusu kazi ya kesho. Simiyu alikuwa ameushika ukosi wa blauzi yake kwa vidole vyote, na hata alipolala havikulegea.

"Saa ngapi?" akauliza.