Glasi ya rangi ya chungwa

Leo nusura mume wangu anywe kinyesi cha kirukanjia.

Msicheke.

Mjukuu wangu Skola anatafuta vimelea wanaokaa matumboni mwa virukanjia, wale kama panya, pua ndefu, wananuka. Kinyesi chao anakiloweka kwenye dawa ya rangi ya chungwa. Ni sumu kwa watu, ila vimelea haiwaui. Leo vyombo vyake vimejaa, akachukua glasi yangu, akamimina humo, akaifunika kitambaa ili vimelea wapate hewa.

Sasa nyumba hii, kilichofunikwa kitambaa mezani ni cha kunywa.

Mzee katoka shamba la mpunga na kiu yake. Namkuta glasi iko mdomoni.

"Baba Leonsia, hiyo sumu."

Nikaipiga kofi glasi, ikapasukia sakafuni.

Skola akaja mbio. "Bibi, hao vimelea huenda ni aina mpya. Hata jina hawana."

"Watapata siku nyingine. Mwangalie babu yako."

Akamkagua midomo, ulimi, meno. Safi, hakuonja. Ndipo mtoto akalia, akamng'ang'ania babu yake shingoni.

Mzee anauliza, "Sasa maji nitapewa lini?"

Nyie wenye wasomi nyumbani, vyombo mnawaficha wapi?