Jenerali wa Ku Ukuta Yetu

Ni moshi ya mkate iliungua njo ilinirudisha kwetu. Asubuhi moja hapa Black Rock, mu Buffalo, niliweka mkate mu ile mashini yake, nikaenda ku dirisha kuangalia theluji, nikasahau. Bon, mkate ikaungua. Watoto yangu, moshi ya Amerika haina haya! Ilikuwa kidogo tu, hata samaki mmoja haiwezi kukausha, lakini kile kidude ya ku dari ya kunusa moshi ikaanza kulia kama mbuzi anapelekwa sokoni. Mi nikapanda ku kiti na kitenge mu mkono, napepea, nasema, "Nyamaza, nyamaza, hakuna mtu amekufa." Binti yangu Furaha hakusikia kitu. Anafanyaka kazi usiku mu kampuni ya kufunga nyama, mchana analala kama jiwe.

Mwenye alisikia ni jirani. Mama mmoja mzungu, mzee kama mi, tunaonanaka tu siku ya kutoa takataka. Mi namwinulia mkono, yeye ananiinulia, tumemaliza. Siku ile alikuja mbio na viatu ya nyumbani na kitambaa ya kufutia sahani. Hakuuliza kitu. Akasimama chini ya kidude, akapepea naye. Fikirini, wazee wawili wanapepea dari! Kidude ikanyamaza, sisi tukacheka mpaka machozi. Kisha mi nikafunga macho, nikavuta ile moshi mu pua tena, polepole, maana ilinuka kama jikoni ya mama yangu.

Yule mama alinishika mkono akanipeleka kwake tukunywe chai. Jina yake Galina. Kwao ni Urusi. Binti yake anafundisha ku université kule Amherst, anakujaka kumuona Jumapili, anakaa na koti mwilini, anaenda. Tuliongea na simu. Yeye anaiambia na luga yake, simu inanigeuzia Kiswahili. Lakini ile simu inasemaka Kiswahili safi sana, kama mtangazaji wa redio amevaa tai. Mi nikijibu na Kiswahili yetu ya Kivu, inababaika, inaniomba nirudie. Galina anacheka, ananiongezea sukari.

Bon. Nikainua macho ku ukuta yake. Kikombe karibu ianguke.

Kulikuwa picha ya mwanaume, na kofia pana kama sahani ya fufu, nyota kubwa ku mabega, na medali zimejaa kifua zinabanana kama akina mama ku bomba ya maji.

"Jenerali wangu!" nikasema.

Simu ikamwambia Galina. Galina akaniangalia, akaangalia picha, akaongea polepole. Simu ikasema na sauti yake ya redio: "Huyu ni baba yangu mzazi. Alikuwa jenerali wa jeshi la Kisovieti. Wewe ulimjua wapi?"

Sisemi ni mtu mmoja na ule wa ku ukuta yetu ya zamani. Sina wazimu. Lakini kofia ilikuwa ile, na nyota ilikuwa ile.

Galina akatoa boîte ya biskuti, na ndani kumbe ni picha tupu. Mi masomo yangu iliishia ku darasa ya pili, lakini picha najua kusoma. Ya kwanza ni kijana wa shamba, miguu chini, ameshika farasi. Kisha askari mwembamba, masikio ndiyo makubwa kuliko kofia. Kisha amesimama pembeni ya kifaru ya vita imeungua, kichwa imefungwa bandeji, na Galina akagusa sikio yake ya kushoto, ndiyo kusema ile ya baba haikusikia tena kitu. Kisha officier na bibi yake, mama ya Galina, wamependeza. Kisha ameweka Galina mtoto ku magoti.

Kutoka pale, mabega inaongezeka nyota na mtoto anasogea mbali. Kila nyota ilikuja na kuhama. Hapa ni ku gare ya treni mu theluji, hapa ni ku mpaka fulani kwenye milima tupu, na Galina kila mara anaanza shule mpya, hana rafiki. Ku ile picha yenye baba amekuwa jenerali kabisa, mtoto hayuko. Alibaki na nyanya yake. Na ya mwisho ni mzee mmoja amekaa ku banc, koti juu ya pijama, kifua haina kitu. Nchi yenye ilimpa nyota ilibadilisha bendera, na simu ya nyumbani ikaacha kulia.

"Nilipokuwa mdogo, picha hii ndiyo iliyokuwa baba," simu ikasema. "Akirudi nyumbani, nilisimama wima nikampigia saluti. Naye aliniitikia saluti, kisha akaingia chumbani kulala. Alikuwa baba mzuri sana kwenye picha."

Chai ikapoa. Ndiyo mi nikamwambia, mama Galina, na mi nilikuwaka na jenerali. Na vile nilimwelezea yeye, njo naelezea ninyi.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, juu mu milima ya Kivu, kwenye baridi inakuuma masikio hata saa ya jua. Upepo ilikuwa inaingia mu nyufa. Mama yangu alienda kwa mwenye duka, akamwomba makaratasi ya magazeti ya zamani, yenye alikuwa anafungia chumvi. Kwetu kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Unapika uji ya muhogo nzito, unapakaa, unabandika ku ukuta, upepo inanyamaza na nyumba inakuwa na picha. Wengine walipata gari, wengine walipata bibi-arusi wa Ulaya. Sisi tulipata jenerali. Hatukujua ametoka wapi. Mama akambandika juu ya mafiga.

Sasa ile picha haikukuwa na rangi, na kila siku moshi inapanda. Kidogo kidogo jenerali akakuwa mweusi, mweusi kama sisi, macho tu ndiyo inang'aa.

Baba yangu alikuwa soldat, askari wa chini tu. Walimtuma mbali kulinda daraja, mi bado sijatembea. Picha yake hatukuwa nayo. Siku moja nililia sana namtaka, na mama alikuwa anasonga fufu, mikono yote miwili imekamatwa, njo akasema, "Baba yako si ule ku ukuta? Anakuangalia. Nyamaza!"

Aliona ni neno ya kunyamazisha mtoto. Mi nilinyamaza kweli. Na kutoka siku ile nilikuwa na baba.

Nilikuwa mtoto peke yangu mu nyumba ile. Mama akienda shamba, watoto wa majirani wakienda na ng'ombe, mi nilibaki na upepo na jenerali. Nilikuwa namwamkia. Nilimwonyesha jino ilitoka. Nilimwambia kuku mwekundu anaficha mayai chini ya kitanda, na mbwa wa jirani akibweka saa ya giza mi naogopa, nalia mu blanketi mama asisikie. Na nilikuwa nampandisha cheo! Mvua ikipiga na paa haivuji, nachukua majivu na maji, namchorea nyota. Mama akipona homa, nyota. Donc ile mwanaume alipanda cheo mu jikoni yetu kuliko kwao yote. Nyota zilimaliza mabega, zikapanda ku kofia.

Siku moja mtu akaingia. Mfupi, mwembamba, koti ya jeshi imepauka ku viwiko, na mfuko ndani mna sabuni na sardini. Mama alitupa jembe, akapiga kelele ya furaha. Shangazi yangu, dada ya yule mtu, akatoka kwake mbio, akaniita.

"Mapendo, kuja salimia baba yako!"

"Apana," nikasema. "Baba eko ku ukuta."

Nikaenda nikasimama pembeni ya mafiga, mkono ku ukuta, namlinda jenerali wangu. Shangazi alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Kaka, umechelewa! Mwenzako ameshaoa! Na angalia nyota, we uko na ngapi?"

Baba alijiangalia bega. Hakukuwa hata moja. Miaka yote ile ku daraja, cheo haikusogea.

"Na mwenyewe hanywaki pombe," shangazi akaongeza, "na hajawahi kuomba chakula!"

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, lakini kidogo tu. Mama kwa haya akataka kupasua ile karatasi. Nilitoa kelele ya mtu anachinjwa. Baba akamshika mkono, akasema, "Acha. Ameikuta hapa kabla mi nifike."

Kongé yake, ile likizo ya jeshi, ilikuwa fupi. Kila siku ilipita na mi sikumkaribia. Alinipa sardini, nikala, nikapeleka mafuta kidogo ku mdomo ya jenerali. Alinichongea ng'ombe ya mti, nikamshukuru kama unashukuru mgeni. Mama alianza kunyamaza, na baba alianza kukaa nje, anasugua viatu yake na siraje, ile dawa ya viatu, anasugua, anasugua, viatu yenye haiendi popote. Hata mi mtoto nilisikia nyumba imekuwa nzito. Angerudi ku daraja bila mtoto wake amemwita hata mara moja.

Asubuhi kabla ya ile ya kuondoka, mama alienda kuchota maji. Mi nikasimama mbele ya jenerali nikamwambia mambo yangu yote, kama kawaida.

Saa mama amerudi, baba akaingia. Amevaa uniforme yote, amefunga mukaba ku kiuno, viatu inang'aa. Hakuniangalia. Akapiga miguu chini, pa! Vumbi ikaruka. Akapiga saluti ku ukuta.

"Mon général! Soldat wa daraja anafika kupokea zamu!"

Shangazi ku mlango akasahau kucheka.

"Asante kwa kulinda nyumba yangu. Sasa nipe ripoti."

Kwa askari, watoto yangu, zamu haipokelewi hivi hivi. Mwenye anatoka anasema yote ameona, na mwenye anaingia anasikiliza. Baba akainama, akaweka sikio ku karatasi. Akasikiliza. Anatikisa kichwa.

"Anasema kuku mwekundu anatagaka chini ya kitanda. Ni kweli?"

Nikafungua mdomo. Mama akainama, akaingiza mkono, akatoa yai.

"Anasema kuna jino mpya huku nyuma. Anasema mbwa wa jirani anasumbua mtu mmoja hapa saa ya giza, na ule mtu analia pole pole ili mama asisikie." Akasimama wima tena. "Mon général, nimeelewa. Mbwa, nitaenda kuongea naye."

Akaninyooshea mkono. Mi nikaangalia jenerali. Jenerali hakukataa. Kama yeye mwenyewe amempa zamu, mi ni nani? Nikasema, "Baba, mbwa eko upande hii." Nikamshika kidole, tukaenda. Aliongea na ule mbwa kweli, amechuchumaa, na uzito yote ya jeshi. Siku ile nzima nilikuwa ku mabega yake, pale nyota inakaaka.

Kesho yake alipiga saluti tena, akarudisha zamu ku ukuta, akaenda. Alikuja tena mara kidogo, na kila mara alianza na jenerali. Kisha kukakuwa mara yenye hakuja.

Miaka mingi niliamini jenerali alisema. Nilikuwa na mtoto yangu ya kwanza mu mikono saa mama aliniambia: asubuhi ile baba alikuwa amelala nyuma ya ukuta ya matete yenye iligawa jikoni na chumba, anasikiliza kila neno. Nilicheka! Nikasema, ule mjanja!

Kucheka iliisha mwaka huu. Kutoka kambi ya wakimbizi tulifikia Columbus, hapa Amerika, sisi wote, nyumba moja, kelele mpaka mwenye nyumba analalamika. Kisha Furaha akapata hii nyumba ya bei ndogo Buffalo, na kaka yake Bahati akaenda Louisville, Highview kule, juu ya kazi ya dépôt ya mizigo. Mtoto wake mdogo, Zawadi, amezaliwa kule. Ananijua mu simu. Siku moja tulimaliza kuongea, Bahati akaweka simu ku meza, akasahau kukata. Mi naona dari tu. Na nikasikia ule mtoto anauliza na Kingereza, Kingereza yenye hata mi naelewa: Bibi wa simu ameenda? Sasa naweza kuangalia katuni?

Nilikaa pale na dari ya Louisville.

Njo nilikumbuka yote nilisema asubuhi ile ku ukuta. Kuku, jino, mbwa. Na ya mwisho. Nilimuuliza jenerali: "Na huyu mtu, ataenda lini kwao, tubaki sisi?"

Baba alisikia. Alikuwa pale nyuma ya matete, alisikia na masikio yake yote mawili. Kisha akaamka, akafunga mukaba, akasugua viatu, akaja kutoa ripoti, na ile moja akaiacha nje. Hakuna mtu alimpa nyota juu ya ile.

Galina alinishika mkono. Simu ilikuwa imezimika, na hatukuitafuta.

Ndiyo maana Bahati akiniuliza Zawadi anasemaka nini na mi, namwambia anasema mazuri tupu. Na theluji ikiisha nitapanda bus, nitapita Columbus ya zamani, nitafika Highview na vitenge yangu. Sitamkamata ule mtoto kwa nguvu. Nitaomba simu ya baba yake, nitaiweka juu ya meza, nitasimama wima na magoti yangu haya ya uzee, nitapiga saluti. Nitasema, asante Bibi wa simu, umelinda vizuri, nimekuja kupokea zamu. Kisha nitainama niweke sikio ku simu, na nitangoja ripoti.