Maua ya Wafu Kikombeni

Pale Kolwezi, katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kila mtu alijua kwamba krisantemu ni ua la wafu. Sikukuu ya Watakatifu Wote ikikaribia unalikata, unalipeleka makaburini, unasali, unarudi zako nyumbani. Ni Mama Ngalula peke yake aliyelitia kikombeni.

Mazoea hayo aliachiwa na marehemu mumewe, Tata Badibanga, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa mhandisi Mjapani kwenye mgodi wa Musoshi, akajifunza kwake chai ya maua. Ngalula alichuma maua uani kwake asubuhi umande ukishakauka, akayapitisha kidogo kwenye mvuke wa sufuria, kisha akayaanika kivulini juu ya ungo. Ukiyaanika juani yanageuka pumba, na chai yake haifai hata kuoshea miguu. Yaliyokauka aliyahifadhi katika kopo la maziwa. Maji yakichemka aliyaepua kwanza kwenye mbabula, jiko lake la makaa, ndipo akayamimina juu ya maua, akafunika, akangoja.

Jirani yake Mama Adolphine, waliyeazimana naye chumvi na kupakatiana watoto tangu ujana wao, hakuwahi kuonja.

"Mama Ngalula, mi siwezi kunywa maua ya bafu! Bataniita kule mbele ya wakati."

"Kunywa, mama. Badibanga hakukufa juu ya chai, alikufa juu ya mapafu."

Walitaniana hivyo miaka nenda miaka rudi, na kikombe cha Adolphine kikapoa mezani kila mara.

Ndipo ukaja mwaka ule wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa umelala, njaa imebisha hodi kila nyumba, na wakubwa wakapata wa kumtupia lawama: watu wa asili ya Kasai, mkoa jirani. Hata waliozaliwa hapahapa, wasioijua Kasai kwa macho, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakaamriwa wapande treni warudi "kwao". Aliyebuni jina hilo hastahili neno la adabu.

Ngalula naye alikuwa wa asili hiyo, lakini hakulilia nyumba wala kabati. Kilichomnyima usingizi ni kaburi la Badibanga. Nani angelipalilia, nani angelipandia maua, yeye akishapakiwa kwenye treni? Siku moja akamwomba Adolphine pale kwenye uzio wao: "Mama, unibakilie na Tata Badibanga."

Adolphine akatupa jicho barabarani, akaingia ndani, akafunga mlango bila kujibu. Aliyeonekana akizungumza na mtu wa Kasai, nyumba yake ilipigwa mawe. Ngalula alilijua hilo vizuri, lakini liliuma vilevile.

Haukupita muda vijana wakaivamia nyumba yake. Alitoka na mbabula, sufuria, kikombe na kopo lake basi. Stesheni ilikuwa imefurika watu waliolala chini ya maturubai, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua ingefika lini. Pale chini ya turubai aliendelea kuchemsha maji, maana angefanya nini kingine?

Adhuhuri moja, jua la utosi, akamwona Adolphine anakuja, amejifunga kitenge chake cha kanisani, fungu la krisantemu mbichi kifuani. Alipita katikati ya vijana wenye marungu. Mmoja akamfokea anakwenda wapi.

"Uniache," Adolphine akamjibu bila kusimama. "Mi naenda kusalimia dada yangu."

Akafika, akaketi juu ya turubai, akayaweka maua mapajani mwa Ngalula. "Minakuletea ya chai. Kule kwako banakanyaga yote, njo hii tu inabakia."

Ngalula akachochea makaa. Akafungua kopo, akaweka maua makavu, akaepua maji, akamimina, akafunika. Alitoa kikombe kimoja tu, cha kwake, maana mwenzake alimjua. Lakini chai ilipokuwa tayari Adolphine akakichukua yeye. Akakunja uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini, akanywa mpaka chini.

"Iko bukali," akasema, akifuta mdomo na machozi kwa ncha ya kitenge. "Sasa uniambie. Pa kaburi yake, nipande nyeupe ao ya manjano?"

Ngalula akamshika mkono, akacheka huku analia.

"Ya manjano, mama. Nyeupe alikuwa anasema haina butamu."