Dawa ya Nyoka Wasio Wetu

Nimechoka kulieleza jambo hili. Nimelieleza sokoni, nimelieleza kanisani, hata kwenye basi dogo la kwenda Mansa, na bado watu huniangalia kama muuguzi anayetafuta kisingizio.

Asubuhi moja hapa ufukweni Nchelenge, mama mmoja anayekausha samaki aliingiza mkono chini ya mikeka yake ili aikunjue, aanike chisense, wale dagaa wetu wadogo. Kifutu, yule nyoka mnene mwenye sumu, alikuwa amejilaza humo. Alipoletwa kwenye kituo chetu cha afya, mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na ngozi ya vidole imeanza kugeuka rangi. Dawa ya sumu ya nyoka hatukuwa nayo. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Chienge. Nikaomba lirudi haraka, nikaufunga mkono kwenye ubao usitikisike, tukakaa kungoja.

Mwanawe mkubwa hakungoja. Ni mvuvi, aliwasha injini ya mtumbwi akaenda Puta kwa mfanyabiashara anayemuuzia nyavu. Nyavu za bwana huyo, vipuri vyake na hata tembe zake zote hutoka Asia, na huku kwetu ukikosa kitu unamwuliza muuza nyavu. Mchana kijana akarudi na boksi alilolifukia ndani ya barafu ya samaki. Alikuwa anatabasamu. Nilimhurumia kabla hata sijalifungua.

Kwenye boksi yaliandikwa majina ya nyoka ambao dawa ile ilitengenezwa kwa ajili yao. Wote ni wa Asia, wa jamii ile yenye vishimo viwili kati ya jicho na pua. Wa Afrika hayupo hata mmoja. Nikamweleza kwamba sumu ni mchanganyiko wa vitu vingi, na kila nyoka ana mchanganyiko wake: huyu huharibu damu isigande, yule huozesha nyama. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijue kupambana nayo, na dawa hutolewa kwenye damu hiyo. Farasi wa dawa hii hakuwahi kuonja sumu ya kifutu. Hata huko Asia kwenyewe, nyoka wa jina moja akitoka upande mwingine wa nchi, dawa huweza kushindwa na sumu yake. Tena damu ya farasi huweza kumfunga mtu pumzi, na mimi sikuona kwa nini tumtie mgonjwa kwenye hatari hiyo bure.

"Ba sista, dawa ya nyoka ni dawa ya nyoka," akasema. "Mumupige sindano tu."

Nikamwuliza kama wavu wa samaki wakubwa unaweza kushika chisense. Hakukubali. Aliyenielewa ni mama yake. Alinivuta gauni nikainama, akasema polepole, kijana asisikie:

"Miye nimesikia. Lakini unipige ile sindano, mutoto wangu apate kulala."

Nilitamani kumtii, Mungu anajua. Sikumtii. Gari lilipofika nikapanda naye, na kijana akabaki barabarani ameshika boksi lake, mpaka muuguzi mwenzangu alipomwondolea mikononi.

Kwenye hospitali kubwa dawa inayofaa ilikuwepo, na ikaokoa uhai wake. Nyama ya mkono ilikuwa imekwisha kufa. Waliukata juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Siku hizi anaanika kwa mkono mmoja, na chisense wakiwa wengi hunitumia mfuko. Anayeuleta ni yule mwanawe. Huuweka mezani na kuondoka bila salamu. Juzi alisimama mlangoni, akauliza ile dawa yake iko wapi. Nikamwambia niliitupa, muda wake ulikuwa umepita.

"Mulitupa mukono ya mama yangu," akasema.

Hakusema kwa hasira, na nadhani ndiyo maana nililia alipoondoka.